Viatu Nje, Kichwa Ndani

Mtaani walimwita Mafuta, kwa sababu hakuna mlango uliowahi kumlilia bawaba. Alikuwa akipiga hodi tu, mwenye nyumba anajikuta jikoni anatafuta kikombe kisafi. Aliwahi kumuuzia kinyozi kioo kilichokuwa cha kinyozi mwenyewe, na kinyozi akamshukuru, akamnyoa bure.

Jumamosi hiyo Mafuta alikuwa na haraka. Nyuma yake, umbali wa maduka matatu, alikuja fundi bomba amekumbatia saa ya ukutani. Saa nzuri, ya kupendeza, ila ndani haikuwa na mashine. Mafuta alikuwa amemwambia kwamba hiyo ni saa ya watu wenye subira. Fundi bomba alisubiri siku nne, subira ikamwishia.

Mafuta alipanda ngazi ya kwanza aliyoiona. Huko ghorofani, juu ya duka la rangi, kulikuwa na ukumbi. Mlangoni viatu vimepangwa safu mbili, na juu ya viatu kuna kibao kimeandikwa kwa mkono: VIATU NJE, KICHWA NDANI. Mafuta alivua viatu. Habari ya kichwa hakuitilia maanani, maana chake kilikuwa bado barabarani kwa fundi bomba.

Ndani watu kama thelathini walikuwa wamekaa chini, macho wamefumba, kimya. Hakuna aliyemuuliza jina wala shida. Akajibanza kwenye kona ya karibu na mlango, naye akafumba macho, jicho moja tu.

Sasa, mtu asiyezoea kukaa kimya, ukimnyamazisha mdomo, mikono ndiyo huanza kuongea. Mikono ya Mafuta ilianza kupapasa zulia alilolikalia. Lilikuwa zulia kubwa, la kujaza ukumbi mzima, na chafu mno, rangi yake imekuwa ya chai iliyolala. Lakini mikono ile ilikuwa na elimu yake. Kabla hajagundua kwamba kufua mifuko ya watu ni kazi nyepesi kuliko kufua mazulia, Mafuta alimtumikia mfua mazulia miaka sita. Akaikunja ile kona kidogo, akachungulia mgongo wake.

Vifundo! Kimoja kimoja, vidogo kama punje za mtama, vimefungwa kwa mkono!

Lile jicho lililofumbwa likafumbuka lenyewe. Zulia la mkono, la ukubwa huu, limekaliwa na watu ambao hata hawaliangalii! Alimjua bibi mmoja mwenye duka la vitu vya kale, bibi asiyecheka hata akitekenywa. Kwa zulia hili, bibi yule angecheka mpaka achuchumae.

Kengele ndogo ikalia. Watu wakafumbua macho. Mzee aliyeigonga, tarishi mstaafu mwenye miguu mirefu kama ngazi, akamsogelea mgeni.

"Karibu, mwanangu. Sisi hapa tunakaa kimya, tunasali kimya. Mtu akijiwa na neno, analisema."

"Na akishalisema, mnalifuata?"

"Taratibu! Unakiona kile?" Mzee alionyesha kigoda cha miguu mitatu karibu na dirisha. "Kile ni kiti cha mbishi. Kila mwezi mmoja wetu anakikalia, kazi yake kubisha. Ukileta neno, mbishi anakuuliza maswali matatu. Na ukishajibu, wewe mwenye neno ndiye unayetangulia kulijaribu wiki nzima, sisi tunakutazama. Likikushinda, limekwisha."

"Utaratibu wa ajabu, mzee."

"Mwanzilishi wetu alitoka kwenye kundi ambalo watu waliitikia kila kitu. Siku moja waliitikia kunyoa nyusi."

"Nyusi?"

"Kundi zima. Na yeye alinyoa. Alipojitazama kwenye kioo, akaja kuanzisha hili."

Mbishi wa mwezi ule alikuwa binti mwembamba, fundi cherehani, mpole wa sauti, pini zimechomekwa kwenye kola ya blauzi yake upande wa kushoto. Alikuwa amesimama mlangoni anaaga watu, na kila mmoja alimuaga kwa maneno yale yale.

"Kaka, una swali lolote?"

"Sina, dada yangu," Mafuta alisema, mkono kifuani. "Nimeona, nimeamini."

Fundi alimtazama, akaitazama na ile kona aliyokuwa ameikalia, ambayo ilikuwa bado imekunjika kidogo. Akachomoa pini moja kutoka kola ya kushoto, akaichomeka kola ya kulia. Mafuta aliona, akadhani ni mambo ya mafundi.

*

"Mjomba, kuna kazi. Kazi ya kukaa kimya."

"Mpwa wangu, unanitukana?"

Mjomba wake alikuwa mnadishaji mstaafu. Miaka thelathini amenadisha vitanda, mbuzi, pikipiki na mara moja jeneza, na sauti yake bado ilikuwa na uwezo wa kuamsha mtaa. Walikuwa wamekaa sebuleni kwa Mafuta, kwenye makochi ya mke wake. Nasema ya mke wake, nawe msomaji lishike hilo. Mke wa Mafuta alifanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali, na makochi yale aliyanunua kwa jasho lake, akakataza hata nailoni ya dukani isitolewe. Mtu akikaa yalilia kwaru, kwaru, kama anakanyaga majani makavu. Kwa wakati huo mwenyewe alikuwa kwa dada yake aliyejifungua, na alishasema atarudi Jumatano, wiki ya tatu kuanzia hapo.

"Wewe utakuwa mwalimu kutoka mbali," Mafuta alieleza. "Mafundisho yako ni sakafu tupu. Anayekalia zulia anajikweza, anayekalia saruji ananyenyekea. Wakishaamini, watataka kulitoa zulia. Nani atawasaidia kulibeba? Mimi, mwanafunzi wako mtiifu."

"Na wakiniuliza maswali?"

"Matatu tu. Jibu kwa ufupi, halafu fumba macho. Mwalimu akifumba macho, jibu lolote linakuwa zito."

Mjomba akafumba macho kujaribu. Akaonekana mwenye hekima kweli, mpaka alipoanza kukoroma.

*

Jumamosi iliyofuata mwalimu aliingia ukumbini amevaa joho la kijivu. Siku chache kabla joho lilikuwa pazia, na pete tatu za pazia bado zilikuwa mgongoni, zinalia kila alipoinama. Akakaa. Kimya kikapita. Kengele ilipolia, akanyanyua kidole kimoja.

"Imenijia," alisema kwa sauti nzito iliyotikisa vioo vya dirisha, "kwamba ninyi mmekaa laini mno."

Watu wakatazamana. Mwalimu akaendelea kama alivyofundishwa: saruji, unyenyekevu, magoti, moyo. Alisema vizuri kiasi kwamba Mafuta mwenyewe alijihisi ana dhambi ya kukaa laini.

Fundi cherehani alikuwa kwenye kigoda chake. "Mwalimu, swali la kwanza. Wewe nyumbani kwako unakalia nini?"

"Sakafu."

"Vizuri. La pili. Na mwanafunzi wako huyu?"

Mafuta hakutegemea swali lipite njia hiyo. "Hata mimi, dada, niko karibu kufika kwenye sakafu."

"Karibu ni wapi, kaka?"

"Ni... kwenye makochi."

Ukumbi ukacheka, kicheko cha watu wema, kisicho na sumu. Fundi naye alicheka.

"Basi la tatu ni rahisi. Nani atatangulia? Mwalimu ameshatangulia. Aliyebaki ni wewe. Tutakuja na mkokoteni leo leo, tukuhifadhie makochi yako hapa ukumbini. Ukae sakafuni wiki moja. Jumamosi ukija ukatuambia neno hili ni jema, utabeba zulia."

Mafuta alipiga hesabu upesi upesi. Makochi yanakuja hapa leo. Zulia linatoka Jumamosi, linafika kwa yule bibi, yananunuliwa makochi mengine kama yale, na nailoni yake juu, kabla ya Jumatano ya mke wake. Ilikuwa hesabu nzuri, kama ile saa ya ukutani.

"Kwa moyo mmoja!" alisema.

Hapo ndipo mambo yalipotaka kuharibika, na aliyetaka kuyaharibu ni imani ya watu. Mwoka mikate, bwana mnene mwenye shati la buluu na moyo wa upesi, aliguswa. Alisimama, machozi yanamlenga.

"Mimi natoa mto wangu wa kukalia!"

"Mimi blanketi langu la magoti!" alidakia tarishi mstaafu.

Maskini mjomba. Mtu wa miaka thelathini mnadani, ukinyanyua mkono mbele yake na kutaja kitu, damu yake inachemka.

"Mto!" alinguruma, akasimama, pete zikalia mgongoni. "Nina mto hapa! Nani anaongeza juu ya mto? Blanketi kwa mzee wa miguu mirefu! Blanketi mara ya kwanza! Blanketi mara ya pili! Nani mwingine, msilale jamani, msilale!" Akanyakua kengele, akaigonga. "Imekwenda! Imekwenda kwa mzee wa miguu mirefu!"

Kimya kilichofuata hakikuwa cha sala.

Jasho lilimtoka Mafuta mpaka kwenye nyayo. "Huko alikotoka," alisema polepole, "ndivyo wanavyobariki."

Mwoka mikate alikuwa ameshika kifua. "Mimi nimeisikia," alinong'ona. "Imeingia mpaka kwenye mifupa."

Fundi cherehani alihamisha pini mbili kwa mpigo.

Walipokuwa wanatoka, akamuuliza tena: "Kaka, kabla hatujaja na mkokoteni, una swali lolote? Juu ya mafundisho, juu ya zulia, juu ya chochote?"

"Swali la nini, dada? Mimi mtu wa kuamini."

*

Wiki ile Mafuta alinyenyekea kuliko alivyowahi kunyenyekea maishani. Alilala chini, alikula chini, aliamka na mgongo umekakamaa kama ubao wa kupigia pasi. Mjomba, ambaye alihamia hapo ili alinde mapato ya baadaye, alilalamika mchana kutwa.

"Mpwa, haya mafundisho ni mabaya."

"Umeyaleta wewe, mjomba."

"Kama ningejua nitayafuata, ningeleta mengine."

Jumamosi Mafuta alipanda ngazi za ukumbi akichechemea kitakatifu. Makochi yalikuwa yamepangwa ukutani, hakuna aliyeyakalia, nailoni inang'aa. Akatoa ushuhuda. Alisema amelala sakafuni na moyo wake umekuwa mwepesi, na kwa kweli hata mwili ulikuwa umepungua. Watu wakamsikiliza. Tarishi akauliza kama kuna anayepinga, mmoja akasema magoti yake yanapinga, wengine wakamwambia ajaribu wiki moja naye. Wakakubaliana: zulia litoke, sakafu ijaribiwe.

Fundi cherehani alilikunja zulia pamoja nao. Walipofika kwenye ile kona ya mlangoni, aliipapasa kidogo, kama mtu anayemuaga mtoto wa jirani.

"Kaka. Kwa mara ya mwisho. Huna swali?"

"Dada yangu, mtu akiuliza sana imani inapungua."

"Haya," alisema. Akahamisha pini mbili za mwisho. Kola ya kushoto ikabaki tupu.

*

Zulia chafu halipelekwi kwa bibi asiyecheka. Mafuta alijua. Kwa hiyo Jumapili asubuhi yeye na mjomba walilitandaza uani, wakavua mashati, wakachukua brashi. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama ya karakana. Ya kumi yalitoka kama chai. Walisugua Jumapili, wakasugua Jumatatu, Mafuta akikumbuka ujanja wote wa yule mfua mazulia wake wa zamani: sabuni kidogo, maji mengi, sugua kwa kufuata nyuzi. Jumanne walilianika ukutani, mgongo umeelekea ukuta. Likatoka jekundu, jekundu la kupendeza, na maua ya buluu ambayo hakuna aliyejua kwamba yamo. Majirani walikuja kutazama. Hata fundi bomba alipita na saa yake, akasahau kugomba.

"Mpwa," mjomba alisema, mikono imemkunjamana kama tende, "hii ni mara yangu ya kwanza kuona wizi wenye kazi nyingi hivi."

Jumatano asubuhi walilifikisha dukani. Bibi wa vitu vya kale alivaa miwani, akapiga magoti. Akaanzia kwenye ile kona. Akakunja, akatazama, akatazama tena kwa kioo cha kukuzia.

Halafu akafanya kitu ambacho Mafuta hakuwahi kukiona. Alitabasamu.

"Kazi safi," alisema. "Kila kifundo kwa mkono. Mtu huyu ni fundi haswa."

Mafuta alimkanyaga mjomba mguu kwa furaha.

Bibi akasogea hatua moja mbali na kona. Akakunja, akatazama. Akasogea hatua nyingine. Tabasamu likarudi lilikotoka.

"Wewe ulikagua wapi?"

"Hapo... hapo konani, mama."

"Na kwingine?"

"Kwingine ni zulia hilo hilo, mama."

"Kwingine ni la kiwandani, bwanangu. La mashine, la bei ya mikeka. Kona hii iliungua, au ililiwa na panya, ndipo mtu akaifuma upya kwa mkono, kifundo kwa kifundo, mpaka ikashinda zulia lenyewe. Ulilibeba lote hili bila kufunua pande nyingine?"

Mafuta alipiga magoti, akafunua upande wa pili, kisha wa tatu.

"Zulia sichukui," bibi alisema akinyanyuka. "Lakini aliyefuma kona hii, mwambie aje. Nina mazulia sita yanamsubiri, na mafundi wa mkono siku hizi hawapatikani."

*

Mke wa Mafuta alifika saa tisa alasiri. Alifungua mlango. Sebule ilikuwa na mume, mjomba wa mume, na zulia jekundu lililoviringishwa ambalo hakuwahi kuliona.

"Karibu mke wangu," Mafuta alisema kutoka sakafuni. "Tumeingia njia mpya. Njia ya sakafu tupu."

Mama huyu hakuwa mfuasi wa kundi lolote, wala hakuwahi kukalia kigoda cha mbishi. Lakini maswali matatu alikuwa nayo.

"Makochi yangu yako wapi?"

"Yamehifadhiwa, kwa watu wema."

"Watu wema wa wapi?"

"Juu ya duka la rangi."

"Na huyu mjomba kwa nini amevaa pazia langu?"

Nitayapita maneno yaliyofuata. Yalikuwa mengi, na mjomba, ambaye alijua sauti, alikiri baadaye kwamba hajawahi kusikia mnadishaji wa kumfikia.

*

Jumamosi watu watatu walipanda ngazi: mama mbele, na nyuma yake wanaume wawili wamebeba zulia begani, wanahema. Kibao kilikuwa pale pale. Mafuta alivua viatu, akakisoma. Safari hii alikisoma mpaka mwisho.

Zulia lilipofunguliwa, ukumbi mzima ulipiga kelele. Watu waliokaa miaka mingi juu ya rangi ya chai waliyaona maua ya buluu kwa mara ya kwanza. Mwoka mikate alilala kifudifudi, akayabusu.

"Tulikuwa tunabishana mwaka mzima nani atalifua," tarishi mstaafu alisema. "Kila mtu alikuwa na mgongo mbovu."

Mafuta alimtafuta fundi cherehani kwa macho. Alikuwa kwenye kigoda, anatazama kola zake.

"Ile kona," Mafuta alisema. "Ni wewe."

"Ni mimi. Liliunguzwa na pasi. Nilikaa miezi minne nikifunga vifundo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kaka, kila Jumamosi nilikuuliza kama una swali." Hakuwa na kejeli, alikuwa kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu alichokiangusha. "Mimi nimefukuzwa makundi mawili kwa kuuliza. Hapa nilipewa kiti. Nilitamani na wewe uulize, japo moja tu. Ningekujibu."

Mafuta alijikuna shingo. Halafu akakumbuka. "Kuna bibi mwenye duka la vitu vya kale. Anakuita. Ana mazulia sita."

Fundi alisogea mbele ya kigoda. "Yanaliwa na nini, panya au moto?"

"Sikuuliza," Mafuta alisema, na ukumbi wote ukaangua kicheko, yeye pia.

Makochi yalikuwa tayari kurudi. Walikuwa wamemhifadhia tu, hata vumbi waliyafuta. Lakini mama mwenyewe alikuwa ameshakaa kwenye moja, kwaru, miguu ameinyoosha, macho amefumba. "Msinisumbue," alisema. "Wiki tatu nimebeba mtoto wa dada yangu. Makochi yataondoka kengele ikilia."

Na kwa kuwa mwezi ulikuwa umekwisha, ilibidi achaguliwe mbishi mpya. Sijui ni nani aliyeanza, lakini mkono wa kwanza ulipoelekea kwa Mafuta, mikono mingine ikafuata. Tarishi akawazuia, akamtaka kila mmoja aseme kwa nini. Wakasema, mmoja mmoja. Sababu zilikuwa tofauti, na nyingine hazikuwa za kumsifu.

Mafuta akakaa kwenye kigoda. Kikayumba kidogo. Fundi cherehani akampa pini tano azichomeke kola ya kushoto, ahamishe moja kulia kila akipata shaka.

Kimya kikapita. Mjomba alikikaa chote, amejiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Kengele ilipolia, mwoka mikate alisimama, mashavu yanang'aa.

"Imenijia, ndugu zangu! Zulia hili zuri lifuliwe kila mwaka!"

"Kweli kabisa!" watu wakaitikia. "Kila mwaka!"

Macho yote yakageukia kigoda. Mafuta aliutazama ukumbi, akatazama mikono yake, bado ina malengelenge. Akachomoa pini moja, akaihamisha taratibu.

"Ndugu yangu," alisema kwa sauti ile ile iliyomuuzia kinyozi kioo chake, "swali la kwanza. Mwenye neno ni nani?"

"Mimi."

"La pili. Na mwenye neno, kwa utaratibu wetu, hufanya nini?"

Mwoka mikate alilitazama zulia, ukuta kwa ukuta. Watu walianza kucheka kabla hata swali la tatu halijaja, na kwenye kochi mama alifumbua jicho moja, akamtazama mumewe kama anayemwona mara ya kwanza.

"La tatu," Mafuta alisema. "Brashi nikuletee leo, au kesho?"

Mwoka mikate aligeuka polepole kuelekea mlangoni, akaanza kutafuta viatu vyake kwa macho.